SOKO LA VIFAA TIBA: Eksirei huuzwa pamoja na fundi wake

Afisa mauzo anayepeleka mashine za eksirei na ultrasaundi Mbulu na Hanang hana budi kujua kwanza nani mnunuzi. Wateja ni wa aina mbili. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ni ya kanisa. Hospitali za serikali hununua kwa fedha za bajeti na kwa taratibu za zabuni, na Bohari ya Dawa (MSD) ni mnunuzi mkubwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, hivyo anayebisha hodi Juni hukuta bajeti imeshapangwa.

Jambo la pili ni vibali. Vifaa tiba husimamiwa na TMDA. Eksirei, kwa kuwa hutoa mionzi, huhitaji pia kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), na chumba chake lazima kikinge mionzi isitoke nje. Ultrasaundi haina mionzi ya namna hiyo, ndiyo maana ni rahisi zaidi kuifikisha kwenye vituo vidogo.

Jambo la tatu ni umeme. Eksirei kubwa ya kusimikwa kwa kawaida hutaka umeme wa njia tatu. Muuzaji makini hupima umeme wa hospitali kabla ya kuandika bei.

La nne, ambalo wengi hulisahau, ni matengenezo. Haydom iko karibu kilomita 300 kutoka Arusha. Fundi akitoka mbali, gharama ya safari huongezeka juu ya bei ya kipuri.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mashine ya kwanza inauzwa Sh. milioni 90 bila mkataba wa matengenezo. Ya pili Sh. milioni 110 pamoja na mkataba wa miaka mitatu. Hospitali ikipiga picha za wagonjwa 15 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, kila picha Sh. 15,000, mapato ni Sh. milioni 4.5 kwa mwezi. Mashine ya kwanza ikilala miezi mitano tu, zinapotea Sh. milioni 22.5. Ile nafuu ya Sh. milioni 20 imekwisha, na fundi bado hajalipwa.

Hasara nyingine haiandikwi vitabuni. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilipoiangukia Katesh na vijiji vya jirani, majeruhi walikuwa wengi kwa mara moja. Siku kama hiyo, mashine mbovu humaanisha mtu aliyevunjika mfupa kusafirishwa mbali kutafuta picha.

Kwa hiyo muuzaji aweke kwenye bei yake mafunzo ya watumiaji, vipuri na muda ambao fundi atafika. Mnunuzi naye adai hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kutia saini. Rahisi ni ghali.