Mafunzo kwa Mgeni Atakayetembea Katika Mji wa London

Wasomaji wengi wana ndugu au watoto waliokwenda Uingereza kwa masomo au kwa kazi, na wengine wao wenyewe wamo katika kufunga mizigo. Mtu aliyezoea kufika popote kwa kuuliza njia huona taabu afikapo London. Si kwa sababu watu wa huko ni wabaya, bali wengi wa hao anaowauliza ni wageni kama yeye. Yafaa basi ajue mambo fulani kabla hajaondoka nyumbani.

Jambo la kwanza ni jua. Sisi tunaokaa karibu na ikweta hulitazama jua tukajua saa. Kule halifiki utosini hata siku moja. Linapofikia kilele chake huwa limesimama upande wa kusini, na wakati wa baridi hukaa chini sana, nyuma ya mapaa ya nyumba. Mwezi wa Desemba hutua kabla ya saa kumi jioni. Mwezi wa Juni hutua baada ya saa tatu usiku. Kwa hiyo asiyevaa saa mkononi atapotea katika wakati kabla hajapotea njiani.

Mto nao hudanganya. Kwa jumla maji ya Thames hutoka magharibi yakaelekea mashariki, lakini mbele ya jumba la Bunge, pale Westminster, mto umepinda na maji huenda kaskazini. Avukaye daraja la Westminster kutoka penye Bunge hudhani anakwenda kusini, kumbe anakwenda mashariki. Wenyeji wenyewe huiita ng'ambo ile upande wa kusini, na ukiwabishia watacheka.

Saa zahitaji uangalifu zaidi. Ratiba za magari huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku mpaka 24, kwa hiyo 15:00 ni saa tisa alasiri. Hilo ni jepesi. Neno gumu ni la siku. Gari au ndege iliyoandikwa 00:15 Jumamosi huondoka robo saa baada ya saa sita ya usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa usiku kwa hesabu ya mtu ambaye hajalala. Mwenye tikiti hiyo akienda Jumamosi jioni kwa utulivu, atakuta imekwisha kuondoka tangu usiku uliopita, na fedha zake pamoja nayo.

Sasa tuje kwenye reli ya chini ya ardhi. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1863, kati ya Paddington na Farringdon, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo duniani. Leo ina njia 11 na stesheni 272, na zaidi ya nusu ya reli hizo, ingawa jina ni hilo, ziko juu ya ardhi. Ramani yake hupatikana katika kila stesheni, nayo ndiyo somo letu kubwa. Ramani hii hutokana na kazi ya Harry Beck, aliyeichora mwaka 1931, ikachapishwa mwaka 1933. Beck aliona kwamba abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali; haja yake ni kujua apande wapi, abadilishe wapi, ashuke wapi. Basi alinyosha njia zote, akazipa rangi zake, akatenganisha stesheni za katikati ya mji zisisongamane. Kwa sababu hiyo usiitumie kupima mwendo wa miguu. Kutoka Leicester Square mpaka Covent Garden hakufiki meta 300, na mgeni anayeteremka ngazi zote zile ili kupanda gari kati ya stesheni hizo hulipa nauli kwa mwendo ambao angeumaliza akizungumza na mwenziwe. Lakini mwisho wa njia nyingine, kati ya Chesham na stesheni inayofuata, ni zaidi ya kilometa 6, na katika ramani huonekana kama hatua moja tu.

Tuchukue safari moja. Umeshuka Heathrow, nawe wataka kufika Russell Square, karibu na chuo cha SOAS ambako Kiswahili hufundishwa na maandiko ya kale ya pwani yetu yamehifadhiwa. Njia ni ile ya rangi ya buluu iliyoiva, iitwayo Piccadilly, nayo hukufikisha bila kubadilisha gari. Tazama jina la stesheni ya mwisho lililoandikwa mbele ya gari; ukiona Cockfosters, panda. Kanuni hii ya kutafuta jina la mwisho wa njia hufaa popote, maana ukutani wameandika mashariki na magharibi, na tumekwisha ona jinsi pande za dunia zinavyompoteza mgeni huko.

Nauli hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki, au kadi ya Oyster iliyoanza mwaka 2003, penye mashine langoni. Gusisha unapoingia na unapotoka. Asiyegusisha anapotoka hutozwa nauli ya juu kabisa, kwa kuwa mashine haijui alishukia wapi. Tumia kadi ile ile kutwa, kwani ikifika kiasi fulani kwa siku huzidi kutozwa. Ukigusisha kadi asubuhi na simu jioni, mashine hukuhesabu kuwa watu wawili, hata kama benki ni moja. Penye ngazi zinazojiendesha simama upande wa kulia, ili wenye haraka wapite kushoto; huko jambo hili ni adabu kubwa kuliko salamu.

Basi ni rahisi zaidi, na macho huona mji. Tangu Julai 2014 mabasi ya London hayapokei sarafu wala noti. Hugusisha unapopanda tu, na ndani ya saa moja tangu kugusisha mara ya kwanza waweza kubadilisha mabasi bila kulipa tena, mradi utumie kadi ile ile. Magari huenda upande wa kushoto kama Kenya, kwa hiyo katika kuvuka, jicho lako halina la kujifunza upya.

Siku ya kurudi ndiyo ya hatari. Njia ya Piccadilly ikielekea magharibi hugawanyika: gari moja huenda Heathrow na jingine huenda mpaka Uxbridge, na yote mawili hupita Russell Square. Hata yale ya Heathrow hayaendi pamoja mpaka mwisho, maana mengine hupitia kituo cha ndege cha 4 na mengine huenda cha 5. Soma tikiti ya ndege ujue kituo chako, kisha soma kibao cha gari kabla ya mlango kufungwa. Ukijikuta katika gari la Uxbridge, shuka Acton Town, ungoje la Heathrow papo hapo jukwaani.