Karatasi ya Kale kwa Mchezo wa Kutafuta Hazina

Mchezo wa kutafuta hazina ni miongoni mwa njia bora za kumfundisha mtoto wa Darasa la Tatu au la Nne kusoma ramani, kwa kuwa humlazimu kuzitumia pande kuu za dunia kwa miguu yake mwenyewe badala ya kuzikariri ubaoni. Karatasi ya mchezo ikionekana kongwe, hamu ya watoto huongezeka maradufu. Mwalimu atakayepangiwa shule ya kijijini, tuseme katika Kata ya Bugomora, ambayo tangu 2012 imo katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe, hana haja ya kwenda mbali kutafuta rangi. Kahawa imemzunguka.

Inayotakiwa si kahawa ya kutafuna, ambayo wenyeji wa Kagera huichemsha na kuianika pamoja na ganda lake, bali ni ile iliyokaangwa na kutwangwa. Kukaanga ndiko kunakoipa weusi wake, na lugha yetu imekwisha kulishuhudia jambo hilo kwa kuita rangi ya kahawia kwa jina la kahawa. Chemsha vijiko vinne vya kahawa katika nusu lita ya maji, uache yapoe kabisa kabla watoto hawajayasogelea. Majani ya chai yaliyokolea nayo hufaa, ila rangi yake huelekea zaidi kwenye wekundu.

Maandishi na ramani vichorwe kwanza, kwa penseli au kwa kalamu ya kawaida ya wino wa mafuta, kwani wino huo hauchujuki majini. Makapeni yasitumike. Kisha karatasi ifinyangwe mkononi, ikunjuliwe, na kulazwa katika maji ya kahawa kwa muda wa dakika tano hivi. Rangi hujikusanya katika mikunjo, na hapo ndipo penye siri ya kazi nzima: karatasi isiyofinyangwa hutoka na rangi moja tupu, nayo haimdanganyi mtu. Itolewe kwa mikono miwili, maana karatasi iliyolowa huchanika upesi, italazwe juu ya jani la mgomba, na mashapo machache ya kahawa yanyunyizwe hapa na pale ili yaache madoa. Kingo zichanwe kwa vidole zingali mbichi. Wako walimu wanaopenda kuzichoma kingo kwa mshumaa. Uzuri unaopatikana haulingani na hatari ya moto katika darasa lenye watoto wengi.

Kazi yote hii ifanywe na watoto wenyewe, mbele ya mwalimu. Yupo mwalimu atakayeona kuwa mchezo utanoga zaidi akiitengeneza karatasi kwa siri usiku na kuileta darasani kama kitu kilichookotwa. Asifanye hivyo. Uvumi wa mali zilizofukiwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 haujafa nchini mwetu, na wapo watu wazima wanaopoteza siku zao kuchimba kwa ajili yake. Mtoto akiipeleka nyumbani ramani ya namna hiyo, haitakuwa ajabu jembe likatoka. Kwa sababu hiyo, nyuma ya kila karatasi liandikwe jina la shule, darasa na tarehe halisi, kabla haijatiwa kwenye kahawa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwezi wa Novemba 2017, bomu la mkono lililookotwa lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, katika mkoa huu huu wa Kagera, likaua wanafunzi. Hazina basi isifukiwe kamwe. Iwekwe juu ya ardhi, ndani ya eneo la shule, na watoto waonyeshwe mapema chombo chenyewe, mathalani kopo lililofungwa utepe mwekundu. Waambiwe waziwazi kwamba kitu kingine chochote, hasa cha chuma, kisiguswe, bali mwalimu aitwe. Mchezo haupungukiwi na kitu. Kinachowasisimua watoto ni kuhesabu hatua 20 kuelekea mashariki na kugundua kwamba kundi jingine limeishia chooni.

Kuhusu maneno ya kuandikwa, mwalimu asimtungie barua mtu wa historia. Ni kweli kwamba Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwezi wa Novemba 1861, na habari hiyo yastahili kufundishwa. Lakini barua ya uongo yenye jina la Rumanyika, ikiwa na rangi nzuri ya kahawa, itakaa kichwani mwa mtoto kuliko maelezo yote ya kitabu, na hakuna atakayeweza kuing'oa. Atungiwe mfanyabiashara asiyepata kuwapo.

Katika kipindi kinachofuata, watoto waulizwe: karatasi yetu ina umri gani? Kisha mwalimu awaonyeshe karatasi iliyozeeka kweli, kama vile stakabadhi ya zamani ya mauzo ya kahawa aliyoazima kwa mzee wa kijiji. Wailinganishe na yao. Rangi ya kahawa imezagaa pande zote na ina harufu. Karatasi kongwe aghalabu huwa imeiva zaidi kingoni, palipopata hewa na mwanga, na hukatika pale ilipokunjwa kwa miaka mingi. Sababu yake ni kwamba karatasi nyingi hutokana na miti, na ndani ya mti mna kitu kiitwacho lignini, ambacho hubadilika rangi kikipigwa na mwanga na hewa.

Hilo halihitaji kuaminiwa kwa maneno ya mwalimu. Ukurasa wa gazeti uwekwe dirishani penye jua, nusu yake ikifunikwa kwa kitabu, usiguswe kwa majuma mawili. Kitabu kiondolewe mbele ya darasa zima, na ukurasa huo ubandikwe ukutani kando ya ramani za kahawa.