Mama hataki kumeza dawa siku ya safari

SWALI: Daktari, mamangu ana miaka 72. Ana presha na sukari, na magoti humsumbua. Miaka mingi anatamani kuuona mji wa Unguja. Mimi na ndugu zangu tumechanga, twataka kumpeleka Agosti kwa siku chache, tukienda kwa basi kupitia Lunga Lunga hadi Dar, kisha boti. Amesema wazi kwamba siku ya safari hatameza dawa zake. Je, itamdhuru?
– Msomaji, Shika Adabu, Likoni

JIBU: Mpelekeni. Presha na sukari zikiwa zimetulia si sababu ya kumnyima mzee matembezi anayoyatamani, na Agosti mmeichagua vyema: masika yamekwisha, kusi inavuma, joto limepungua. Lakini ndiyo, kuacha dawa kwaweza kumdhuru, na kabla ya kumkatalia nakusihi umuulize kwa nini. Muulize wewe mwenyewe, mkiwa wawili peke yenu.

Nahisi anachokihofia ni choo. Dawa nyingi za presha huchanganywa na ile ya kutoa maji mwilini. Mama anajua fika kwamba akiimeza asubuhi, ataitwa na haja ndogo tena na tena hadi adhuhuri, na basi halimsubiri mtu. Basi ameamua asimeze, na nina wasiwasi ameamua pia asinywe maji. Wazee wetu wengi hufanya hivi na hawasemi, kwa haya.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu wa umri huo hahisi kiu mapema kama wewe. Akikosa maji kutwa nzima, sukari hupanda, figo huelemewa, na akiinuka kushuka garini kizunguzungu humwangusha. Tena miguu ikikaa bila kunyooshwa kwa zaidi ya saa nne, damu yaweza kuganda ndani ya mishipa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikimbana ghafla, hata siku kadhaa baada ya safari, ni hospitali moja kwa moja.

Kwa hivyo badilisheni safari, msibadilishe matibabu. Mwulizeni daktari wake kama ile dawa ya maji yaweza kumezwa mkishafika badala ya alfajiri. Kwa wagonjwa wengi hilo huwezekana, ila mwenye ugonjwa wa moyo au miguu inayovimba asijiamulie. Mkijaliwa nauli, mimi ningechagua ndege. Kutoka kwenu Shika Adabu, barabara ya Dongo Kundu inawafikisha uwanja wa Moi bila foleni ya feri, na ndege ya moja kwa moja hadi Unguja haimalizi saa nzima angani. Ikiwa lazima mwende kwa barabara, lile basi la kupitiliza hadi Dar liacheni. Kodini gari, mlale Tanga, msimame kila baada ya saa moja au moja na nusu atembee kidogo, naye awe anakunywa maji funda kwa funda. Mnunulieni pampasi za watu wazima na umpe wewe mwenyewe, bila kushauriana mbele ya wajukuu. Na hotelini ulizeni mapema chumba cha chini na choo cha kukalia. Kwa magoti yake, choo cha kuchuchumaa na ngazi za majumba ya zamani zitamharibia matembezi yote.

Sasa kadi ya manjano. Tanzania huidai kwa wasafiri watokao nchi zenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo. Mama aliwahi kwenda Hija au Umra? Basi huenda alichanjwa wakati huo, pekueni kabatini. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama imeandikwa kuwa ni ya miaka 10. Kama hajawahi kuchanjwa kabisa, msikimbilie sindano. Kwa aliyepita miaka 60, chanjo hii ikiwa ndiyo ya kwanza huja na uwezekano mkubwa zaidi wa madhara mazito kuliko kwa kijana. Ni nadra, lakini lazima daktari apime na huenda akamwandikia cheti cha kumwondolea sharti hilo. Akiamua achanjwe, iwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka.

Kwenye boti, vidonge vya kuzuia kichefuchefu msimpe kiholela. Vingi humpa mzee usingizi mzito, huweza kumvuruga akili na kumzuia mkojo. Akae katikati ya boti, upande wa chini, atazame mbali baharini.

Dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wake wa mkononi, za siku kadhaa zaidi ya mlizopanga, ndani ya pakiti zenye majina. Zile bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa “1×2” hazimsaidii daktari yeyote ugenini. Insulini isiwekwe kwenye buti wala isigande kwa barafu. Na chakula kisichelewe, sukari isije ikashuka: akitoka jasho, akitetemeka au maneno yakimkorogeka, mpeni haraka soda yenye sukari au maji ya sukari, kisha ale.

Mji Mkongwe utembeeni asubuhi, kituo kimoja au viwili kwa siku. Vichochoro havipitishi gari, lakini mbele ya nyumba nyingi kuna baraza za mawe. Aketi kila anapotaka, salamu na maongezi ndiyo matembezi yenyewe. Pwani asiende peku. Mwenye sukari huenda nyayo zikawa na ganzi, akaungua kwa mchanga wa mchana asijue, kwa hivyo mkague miguu kila usiku.

Bima ya afya ya SHA haikuundwa iwe bima ya safari. Nunueni bima inayotaja kwa maandishi kwamba presha na sukari alizonazo tayari zinagharamiwa. Mkipatwa na la dharura mjini Unguja, hospitali kuu ni Mnazi Mmoja. Tanga ni Bombo. Nendeni kliniki yake majuma sita kabla, na kama presha haijatulia siku hiyo, sogezeni tarehe hadi Septemba.