Kosa Dogo Kwenye Hatimiliki: Lirekebishe Ungali Hai

Herufi moja iliyokosewa kwenye hatimiliki haimsumbui mtu hadi siku anapoihitaji hati hiyo. Benki inakataa kuipokea kama dhamana ya mkopo. Mnunuzi anasita kulipa. Fidia ya ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya barabara inakwama kwa sababu jina la kitambulisho na la hatimiliki hayalingani. Mzigo huwa mkubwa zaidi mwenye ardhi akifariki kabla ya kosa kurekebishwa. Warithi hulazimika kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na yule ambaye angelieleza jambo hilo kwa dakika tano hayupo tena.

Habari njema ni kwamba kosa la aina hii si lazima liende mahakamani.

Kosa dogo ni lipi?

Kifungu cha 79 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinampa Msajili wa Ardhi uwezo wa kurekebisha rejista pale ambapo kosa au upungufu hauathiri kwa uzito maslahi ya mwenye ardhi. Mifano ni jina lililokosewa herufi, kama vile Wanjku badala ya Wanjiku, tarakimu mbili za nambari ya kitambulisho zilizobadilishana nafasi, au jina la tatu lililoachwa.

Jiulize hivi: baada ya marekebisho, je, mwenye ardhi atakuwa yule yule na shamba litakuwa lile lile? Je, kuna mtu atakayepoteza chochote? Ikiwa mwenyewe habadiliki, shamba halibadiliki na hakuna anayepoteza, hilo ni kosa la uandishi. Kuondoa jina la ndugu mnayemiliki naye ardhi, au kuongeza la mtoto, si marekebisho. Huko ni kuhamisha umiliki, na kuna utaratibu wake.

Kwanza, jua kosa liko wapi

Wengi hufunga safari mara tatu kwa kuruka hatua hii. Kosa huweza kuwa mahali patatu:

- *Kwenye hatimiliki peke yake.* Rejista iko sawa, lakini karani alikosea aliponakili. Hili ndilo jepesi zaidi.
- *Kwenye rejista yenyewe.* Hapa Msajili huangalia hati za awali zilizotumiwa kusajili ardhi ili kuona kosa lilianzia wapi.
- *Kwenye kitambulisho chako.* Ikiwa hatimiliki iko sawa na kitambulisho ndicho kilichokosewa, anzia katika ofisi ya usajili wa watu. Usibadilishe hatimiliki ili ifanane na kosa.

Ili kujua, omba uchunguzi rasmi wa ardhi, ule ambao wengi huuita sachi. Utaonyesha kilichoandikwa kwenye rejista leo, pamoja na mkopo au zuio lolote lililosajiliwa juu ya shamba hilo.

Hatua za kufuata

1. Linganisha hatimiliki, matokeo ya sachi na kitambulisho, neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu.
2. Apa mbele ya kamishna wa viapo au hakimu. Hati ya kiapo ieleze kosa, usahihi wake, na kwamba majina yote mawili ni yako.
3. Mwandikie Msajili wa Ardhi ombi la marekebisho. Ambatisha hatimiliki halisi, nakala ya kitambulisho, matokeo ya sachi, hati ya kiapo na ushahidi wowote wa zamani, kama vile mkataba wa ununuzi.
4. Ikiwa hatimiliki iko benki kama dhamana, zungumza na benki kwanza.
5. Lipa ada kwa njia rasmi pekee, na uweke risiti. Baki na nakala ya kila karatasi unayowasilisha, yenye muhuri wa siku ilipopokelewa.

Aliyebadilisha jina kisheria, kwa mfano baada ya kuolewa, hana kosa la kurekebisha. Anapeleka ombi la maandishi pamoja na uthibitisho, na Msajili anaingiza jina jipya kwenye rejista.

Vipi kuhusu ukubwa wa shamba?

Kabla ya kulalamika, kumbuka kwamba hatimiliki nyingi huandikwa kwa hekta, si ekari. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo "hekta 0.4" ni takribani ekari moja. Ikiwa tofauti ingalipo, itahitaji kupimwa upya na mpima ardhi. Kipimo kipya kikionyesha kwamba rejista imekosea, Msajili ni lazima awape notisi ya maandishi wote wenye maslahi kabla ya kubadilisha chochote. Mgogoro wa mpaka na jirani pia huanzia kwa Msajili kabla ya kufika mahakamani.

Tahadhari

Usifute wala kuandika chochote kwenye hatimiliki kwa mkono wako. Utaitia shaka hati nzima, na unaweza kushtakiwa. Usimkabidhi wakala hatimiliki halisi kwa ahadi ya kwamba "atakumalizia".

Ombi lako likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Sheria inakuruhusu kwenda mahakamani usiporidhika na uamuzi wa Msajili. Palipo na udanganyifu, kifungu cha 80 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru rejista irekebishwe.

Jukumu la kaunti

Usajili wa ardhi ni kazi ya Serikali ya Kitaifa kupitia Wizara ya Ardhi, si ya kaunti. Hata hivyo, ukishapata hatimiliki iliyorekebishwa, leta nakala katika ofisi yetu ya ushuru wa ardhi ili rekodi zifanane. La sivyo, kosa ulilolitoa kwenye hatimiliki litabaki kwenye rekodi zetu.

Leo jioni, itoe hatimiliki sandukuni, iweke kando ya kitambulisho, uisome polepole.