Wanaopima hatari husikia nini?

Mwaka 2005, askari wa Pakistani waliokuwa MONUC walianza hapa Walungu utaratibu walioita Night Flash. Mwanakijiji akiona wavamizi usiku, alipiga filimbi au sufuria, na askari walitakiwa kuja mbio. Tunausifu: ulimpa mkulima nafasi ya kuwa mpelelezi wa kwanza. Lakini ulitegemea kwamba shambulio husikika mapema. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Mei 2007, huko Kanyola, watu wasiopungua 17 waliuawa kwa mapanga na visu. Panga halina mlio.

Akili ya mtu hupenda kuifanya kesho ifanane na jana. Ofisa aliyekaa mwezi bila shambulio huona njia ni salama. Akishaamini kwamba adui hutoka msitu mmoja, habari za msitu mwingine huziweka chini ya karatasi. Halafu kuna uzito wa ofisi. Habari inapopanda ngazi, kila mkubwa huilainisha kidogo, maana hakuna anayetaka kulaumiwa kwa kuamsha wenzake bure.

Tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, bonde la Ruzizi, watu wasiopungua 30 waliuawa. Kambi ya askari wa MONUSCO ilikuwa Sange, kilometa 9 tu. Habari ziliwafikia usiku uleule, lakini hawakwenda kuwalinda. Baadaye wakubwa walitaja ugomvi wa ng'ombe. Hatari ikiitwa ugomvi wa ng'ombe, ni rahisi kuiahirisha hadi asubuhi.

Sisi wakimbizi wa ndani tunafanya vilevile. Mgeni mwenye lafudhi ya Kinyarwanda anaitwa mpelelezi kabla hajaulizwa jina. Na zamani, jina "Rasta" likishatajwa, nani aliuliza tena ni nani hasa aliyekuja?

Kwa hiyo, viongozi, mnapopeleka habari, tenganisheni mambo matatu: tulichoona kwa macho, na saa ngapi, tulichoambiwa, na nani, tunachodhani. Msiyachanganye katika sentensi moja. Tena, mpeni mmoja wenu kazi ya kubisha. Israeli, iliposhambuliwa mwaka 1973 licha ya dalili nyingi, iliunda kikundi cha wapelelezi cha kupinga maoni ya wenzao. Katika kamati ya kambi inatosha mama mmoja anayeruhusiwa kuuliza, bila kunyamazishwa: "Na kama safari hii wanapita upande wa mto?"