Somo la 14: Kuchagua Lenzi ya Kamera

Ukisimama Majengo, mjini Moshi, asubuhi kabla mawingu hayajatanda, utauona Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini. Kilele chake, Kibo, kina kimo cha mita 5,895. Je, ukitaka kupiga picha ya barafu yake, utachagua lenzi ya namna gani?

Jaribio

Vifaa: kioo cha kukuzia, karatasi nyeupe na rula.

1. Simama mbali na dirisha. Elekeza karatasi dirishani.
2. Weka kioo mbele ya karatasi. Kisogeze polepole mpaka taswira ya miti iliyo nje ionekane wazi.
3. Pima umbali kati ya kioo na karatasi.

Umeona nini? Taswira ni ndogo, tena imepinduka juu chini. Umbali uliopima huitwa urefu wa fokasi.

Hadhari: Usilitazame jua kwa lenzi wala kwa kamera. Utaharibu macho.

Ndani ya kamera

Katika kamera ya dijiti yenye kioo, mwanga hupita kwenye lenzi, hugonga kioo kilichoinama, kisha hufika kwenye jicho la mpiga picha. Akibonyeza kitufe, kioo huinuka na mwanga huangukia sensa. Sensa hufanya kazi iliyofanywa na filamu katika kamera za zamani. Lenzi za kamera hii huweza kubadilishwa.

Lenzi ipi?

Lenzi ya milimita 24 huonyesha eneo pana: nyumba, migomba na mlima wote, lakini Kibo huonekana kidogo. Lenzi ya milimita 200 huikuza taswira ya Kibo mara 4 kuliko ile ya milimita 50, lakini huonyesha eneo dogo. Basi lenzi huchaguliwa kufuatana na kazi.

Kati ya mwaka 1912 na 2007, Kilimanjaro ulipoteza kadiri ya asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Picha husaidia kuonyesha mabadiliko hayo. Anayelinganisha picha za miaka mbalimbali hana budi kuhakikisha kuwa zimepigwa mahali pale pale, kwa kamera ya aina moja na lenzi yenye urefu ule ule wa fokasi.

Maswali

1. Kioo cha ndani ya kamera kina kazi gani?
2. Mwaka jana mwanafunzi alipiga picha ya barafu kwa lenzi ya milimita 50. Mwaka huu ametumia ya milimita 100, na barafu imeonekana kubwa zaidi. Je, barafu imeongezeka? Eleza.