Msaidizi Akiona Hatari, Aseme Vipi?

Wengi hudhani uongozi wa pamoja ni kugawana vyeo. Saikolojia ya lugha inaonyesha kwamba huanzia kinywani: nani anasema, kwa maneno gani, na nani anasikilizwa. Kikwazo kimoja ni kauli iliyolainishwa.

Swali: Kauli iliyolainishwa ni ipi?

Ni onyo lililovikwa adabu hadi likapoteza makali. Muuguzi anaona dozi imezidi, lakini anauliza, "Daktari, labda tuiangalie tena?" Daktari anasikia swali la kawaida, hasikii hatari.

Swali: Kuna madhara gani?

Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, rubani mkuu wa shirika la ndege la KLM alianza kuruka penye ukungu huku ndege ya Pan Am ikiwa bado kwenye njia ya kurukia. Mhandisi wake aliuliza iwapo Pan Am ilikuwa haijatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na safari ikaendelea. Walikufa watu 583. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini swali lile la upole lilikuwa nafasi ya mwisho ya kusimama. Baadaye marubani wakaanza kufundishwa jinsi ya kuonya na jinsi ya kusikiliza.

Swali: Basi katika uongozi wa pamoja hakuna mkuu?

Yupo, na dhamana ni yake. Kinachohama ni kauli ya kuongoza, humfuata mwenye ujuzi unaohitajika wakati huo. Mwaka 1989, ndege ya DC-10 ya shirika la United ilipopoteza mifumo yote mitatu ya haidroliki, nahodha Al Haynes alimkaribisha Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa abiria, akamwachia kudhibiti nguvu za injini. Watu wanne waliokuwa kwenye chumba cha marubani walishauriana hadi wakatua kwa dharura Sioux City, Marekani. Kati ya watu 296, walinusurika 184.

Swali: Mdogo aseme vipi bila kukosa heshima?

Amwite mkubwa kwa cheo chake, ataje anachokiona, hatari yake na pendekezo, kisha adai jibu: "Daktari, dozi hii ni mara mbili ya iliyoandikwa kwenye faili. Itamdhuru mtoto. Naomba tusimamishe kwanza. Unasemaje?" Heshima imo kwenye wito na sauti, onyo libaki wazi.

Swali: Na mkuu afanye nini?

Atoe maoni yake mwisho. Aulize, "Nani anaona nisichokiona?" Amshukuru anayempinga mbele ya wenzake, hata pale aliyepinga anapokosea. Akimkemea leo, mara nyingine atanyamaza, na huenda safari hiyo ndiye atakayekuwa sahihi.